Elsecar: injini iliyobaki juu ya shimo lake

Boriti ya injini ya mvuke ya Elsecar, chuma kirefu kinachocheza juu na chini kama mizani, imekaa nusu ndani ya nyumba, nusu nje. Nusu ya ndani iko juu ya silinda. Nusu ya nje imetokeza ukutani, ghorofa ya juu kabisa, na ncha yake imesimama sawasawa na mdomo wa shimo la mgodi. Anayetaka kuielewa injini hii aanzie huko nje, kwenye ncha ile. Chini yake kulikuwa na maji, na maji hayo yalipaswa kutolewa usiku na mchana ili watu waweze kuchimba makaa ya mawe. Silinda, boila, ukuta mnene na fundi wa zamu vyote vilikuwepo kwa ajili ya maji hayo.

Elsecar ni kijiji cha South Yorkshire, Uingereza, karibu na mji wa Barnsley. Mgodi wake mpya ulichimbwa miaka ya 1790 katika ardhi ya Earl Fitzwilliam, kabaila mwenye kasri la Wentworth Woodhouse jirani na hapo. Injini ilianza kazi mwaka 1795. Ilivuta maji mpaka 1923, pampu za umeme zilipoipokea: miaka 128 kwenye kibarua kimoja. Na mwaka 1928, pampu za umeme zilipozidiwa na mafuriko, mzee alirudishwa kazini kwa muda. Leo ndiyo injini pekee ya aina ya Newcomen duniani iliyobaki pale pale ilipojengwa, ndani ya jengo lake na juu ya shimo lake. Nyingine zilizohifadhiwa zilihamishwa.

Waliowahi kusimama mbele ya vichwa vya garimoshi kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi wamezoea injini ya mvuke wa presha kali, mvuke unaoisukuma pistoni kwa nguvu. Picha hiyo iwekwe kando kwanza. Katika injini ya Thomas Newcomen, muuza vyuma wa Dartmouth aliyesimamisha injini yake ya kwanza inayojulikana karibu na Dudley mwaka 1712, mvuke hausukumi kitu cha maana. Presha yake inazidi ya hewa kwa kiasi kidogo tu. Kazi yote inafanywa na hewa tunayovuta puani.

Mambo yanakwenda hivi. Silinda imesimama wima, wazi juu, imezibwa chini. Pistoni imefungwa kwenye ncha ya ndani ya boriti, na fimbo za pampu, mbao ndefu zilizounganishwa kwa vyuma, zinaning'inia kwenye ncha ya nje mpaka chini shimoni. Fimbo hizo ni nzito kuliko pistoni. Kwa hiyo injini ikiachwa yenyewe, ncha ya nje hulala chini na pistoni hubaki juu, kama mizani ya dukani yenye jiwe upande mmoja. Pistoni inapopanda hivyo, vali ya mvuke iko wazi na silinda inajaa mvuke. Ikifika juu, vali ya mvuke inafungwa na bomba la maji baridi linafunguliwa. Maji yanarushwa ndani ya silinda kutoka kwenye tangi lililo juu ya jengo, mvuke unageuka maji ghafla, na kwa kuwa lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, kinachobaki ndani ni karibu utupu. Ombwe. Hewa ya juu ya pistoni, ambayo haikukutana na upinzani tena, inaikandamiza pistoni chini. Boriti inainama upande wa ndani, inanyanyuka upande wa nje, na maji yanapanda. Kisha vali ya mvuke inafunguliwa tena.

Kila mpigo unaacha mabaki mawili ndani ya silinda ambayo lazima yatoke. La kwanza ni maji: yale yaliyorushwa pamoja na mvuke uliogeuka maji. Hayo hushuka kwa bomba la kutolea hadi kwenye birika la maji ya moto, bomba likiwa na kifuniko mwishoni kinachoruhusu kutoka tu na si kurudi. Sehemu ya maji hayo hurudishwa kwenye boila, kwani yameshapata joto na si busara kuyamwaga. La pili ni hewa. Maji yoyote yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, nayo haigeuki kuwa kitu kingine ikipoa. Isipotolewa inajikusanya mpigo baada ya mpigo, ombwe linadhoofika, na baada ya muda si mrefu injini inasimama huku moto unawaka na boila imejaa. Ndiyo maana kuna vali ndogo pembeni mwa silinda inayopumua nje kila mvuke unapoingia. Mafundi wa zamani waliipa jina la sauti yake, sauti ya mtu mwenye mafua anayevuta kamasi. Fundi mzuri aliisikiliza vali hiyo kuliko alivyoitazama boriti, maana ikinyamaza ujue hewa imeanza kujifungia ndani.

Kuziba pistoni ni sura nyingine. Silinda za wakati ule hazikuchongwa kwa usahihi tuliouzoea. Pengo kati ya pistoni na ukuta wa silinda lingeweza kupitisha kidole. Dawa ilikuwa katani iliyosokotwa na kushindiliwa pembeni mwa pistoni, pamoja na ngozi, halafu juu yake maji. Ndiyo, maji: bomba dogo lilitiririsha maji juu ya pistoni muda wote, yakalala kama dimbwi, na popote hewa ilipotaka kupenya ilikuta maji yametangulia. Yakizidi, yanamwagika ndani na kuipoza silinda bure. Yakipungua, katani inakauka, inasinyaa, na hewa inapiga mluzi kuingia. Mkono wa fundi ulikuwa kwenye bomba hilo siku nzima.

Upande wa shimoni hauna fumbo kwa mtu yeyote aliyewahi kufungua pampu ya mkono ya kisima cha kijijini. Ni kitu kile kile kikubwa zaidi: bomba refu, ndani yake pistoni yenye vali na ngozi pembeni, chini yake vali nyingine isiyoruhusu maji kurudi. Kosa wanalofanya wengi ni kudhani injini hii ilinyonya maji kutoka chini mpaka juu. Haiwezekani. Kunyonya kuna mwisho wake, mita 10 kwa hesabu za darasani na 7 au 8 kwa hali halisi, hata ukiwa na injini ya ukubwa gani. Kwa hiyo pistoni ya pampu inawekwa chini kabisa, karibu na maji, na kinachofanyika ni kuinua nguzo nzima ya maji iliyo juu yake. Uzito wa nguzo hiyo ndio mzigo wa injini.

Tupige hesabu. Silinda ya Elsecar tangu 1801 ina kipenyo cha inchi 48, yaani sentimita 122 hivi. Eneo la pistoni linakaribia sentimita za mraba 11,700. Hewa inakandamiza kwa kilo moja na chembe kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo ombwe kamili lingetoa nguvu ya takriban tani 12. Ombwe kamili halipatikani katika silinda yenye maji ya moto chini yake. Chukua nusu, tani 6. Sasa weka pampu yenye kipenyo cha sentimita 45 inayoinua maji mita 36. Nguzo hiyo ya maji ina uzito wa tani 5.7. Inatosha kwa shida. Mpigo ukiwa wa mita 1.5, kila mara zinatoka karibu lita 240, na kwa mipigo sita kwa dakika unapata zaidi ya lita 85,000 kwa saa: simtanki 85 za lita 1,000 kila saa, bila kulala. Hesabu hii pia inaonyesha mahali ugonjwa unapoingia. Ombwe likishuka kidogo tu kutoka nusu, pistoni haina nguvu tena ya kushuka. Injini ya namna hii haipungui mwendo polepole kama gari linalopanda mlima. Inanyanyua, au inakaa.

Na inapoharibika vibaya, mara nyingi chanzo kiko shimoni. Maji ya mgodi wa makaa yana tindikali, kwa sababu madini ya salfa yaliyomo kwenye mwamba yakikutana na hewa na maji huizalisha. Tindikali inakula chuma cha pampu. Vumbi la mawe na chembe za makaa zinasaga ngozi za pistoni, na mguu wa pampu unaziba vipande vikinyonywa, ndiyo maana ncha yake ilitobolewa matundu madogo ya kuchuja. Ngozi ikichakaa maji yanavuja kurudi chini, injini inapiga kama kawaida, na kinachotoka juu ni nusu ya kilichotarajiwa. Kuibadilisha ilibidi injini isimamishwe na fimbo zivutwe juu kipande kwa kipande, wakati huo huo maji yakipanda shimoni. Ukichelewa, pampu yenyewe inazama na hutaifikia tena mpaka uyatoe maji, nayo pampu ndiyo ya kuyatolea.

Fimbo ikikatika ni balaa zaidi. Mzigo unatoweka ghafla katikati ya mpigo, hewa bado inakandamiza, na pistoni inaporomoka kwenda kuvunja kitako cha silinda. Kwa hiyo pembeni mwa boriti kunawekwa mihimili ya mbao inayonepa kidogo, na boriti yenyewe ina pembe za chuma zinazotua juu ya mihimili hiyo kabla pistoni haijagota chini. Mgeni huipita mihimili hii bila kuitazama. Sisi tungemwomba asimame hapo dakika mbili, kwa sababu mbao hizo ndizo zilizobeba tofauti kati ya fimbo mpya na silinda mpya.

Kuna swali ambalo kila anayesoma tarehe hizi hujiuliza. Mwaka 1795 James Watt alikuwa tayari na injini bora. Hataza yake ya 1769 ilihusu chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, ili silinda ibaki moto muda wote badala ya kupozwa na kupashwa upya kila mpigo. Injini ya Newcomen iligeuza kuwa kazi karibu nusu asilimia ya nishati ya makaa yaliyochomwa. Zile zilizoboreshwa zilifika asilimia moja hivi. Ya Watt ilikula makaa machache mno kwa kazi ile ile. Mbona Elsecar wakajenga ya kizamani?

Jibu liko kwenye rundo la makaa mlangoni. Watt na Boulton, mshirika wake wa biashara, walimtoza mwenye injini theluthi ya thamani ya makaa aliyookoa ukilinganisha na injini ya zamani. Kwenye migodi ya shaba na bati ya Cornwall, ambako makaa yaliletwa kwa meli kwa bei kali, mpango huo ulikuwa na mantiki. Kwenye mgodi wa makaa, chenga na vumbi visivyopata mnunuzi vilikuwa vimelala hapo hapo. Kuokoa kitu kisicho na bei hakuna faida, na kulipa ada kwa ajili ya kukiokoa ni hasara. Juu ya hapo, injini ya Newcomen ikiharibika ingeweza kurekebishwa na seremala, mhunzi na fundi mawe wa eneo lile bila kumwita mtaalamu wa mbali. Wanaosema Elsecar walibaki nyuma ya wakati wanaipima injini ikiwa peke yake. Ukiipima pamoja na rundo la chenga nje ya mlango, uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Na hilo unaliona tu ukiwa penye mgodi; kwenye ukumbi wa makumbusho wenye sakafu inayong'aa, injini hiyo hiyo inaonekana kama kosa.

Haikubaki vile ilivyozaliwa. Silinda ya kwanza ilikuwa ya inchi 42. Mwaka 1801 iliondolewa na kuwekwa ya inchi 48, ongezeko la karibu theluthi moja ya nguvu. Mwaka 1836 boriti ya mbao ilibadilishwa kwa ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Wapo wanaosikitika kwamba si kila kipande ni cha 1795. Sisi hatusikitiki. Mtambo unaofanya kazi miaka 128 bila kubadilishwa kiungo haujawahi kuwepo, na kila badiliko ni maelezo ya maji yaliyozidi au mbao iliyochoka.

Ila boriti ya chuma cha kusubu inahitaji heshima ya pekee. Chuma hiki kina kaboni nyingi, asilimia 3 hadi 4 hivi, na kwa sababu hiyo kinastahimili sana kugandamizwa lakini ni dhaifu kikivutwa. Boriti inayobeba mzigo pande zote mbili inagandamizwa upande wa chini na kuvutwa upande wa juu. Ufa ukianzia juu, au kiputo cha hewa kilichobaki ndani tangu siku ya kumiminwa, hautoi ishara. Chuma cha kusubu hakijipindi kwanza kama chuma cha kufua, kinakatika. Tarehe 16 Januari 1862, kwenye mgodi wa New Hartley huko Northumberland, boriti ya injini ya kuvutia maji, yenye uzito wa tani 42, ilikatika katikati. Nusu yake ilitumbukia ndani ya shimo, ikavunja kuta na kuliziba kabisa. Mgodi ule ulikuwa na shimo moja tu. Walikufa wanaume na wavulana 204, wengi wao wakiwa hai chini wakati boriti ilipoanguka. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutaka njia mbili za kutokea. Tangu hapo boriti iliyotokeza juu ya mdomo wa shimo haiwezi kutazamwa kama pambo. Waliofanya kazi chini ya ile ya Elsecar walijua kinachoning'inia juu yao.

Jinsi injini za aina hii zilivyonusurika, kila moja ina njia yake. Ile iliyoitwa Fairbottom Bobs, ya mgodi wa karibu na Ashton-under-Lyne, iliachwa bila kazi karibu karne nzima mpaka Henry Ford alipoichukua kuelekea mwaka 1930, ikavuka bahari hadi jumba lake la makumbusho Dearborn, Michigan. Iko salama, imetunzwa, na tunashukuru haikuuzwa kama chuma chakavu. Dartmouth, mji alikoishi Newcomen, wanayo moja iliyohamishiwa huko miaka ya 1960 kutoka Hawkesbury, karibu na Coventry. Kuhusu Elsecar inasimuliwa kwamba Ford aliitaka hiyo pia, akakataliwa. Kwa vyovyote ilibaki, na kubaki huko kumetuachia vitu ambavyo meli haibebi: ukuta wa mawe uliobeba mhimili wa boriti, yaani ekseli inayochezea boriti hiyo, kimo cha sakafu moja hadi nyingine kilichopangwa kufuata urefu wa mpigo, na mwelekeo wa jengo kufuata shimo. Katika injini hizi jengo ni sehemu ya mashine. Ukuta wa upande wa shimo ndio fremu yake. Ukiihamisha injini, unalazimika kuunda fremu mpya na kuuacha ukuta ukiwa magofu.

Kutunza jengo la namna hiyo kunaanzia juu, kwenye mifereji ya maji ya paa. Hakuna adui mkubwa wa chuma cha kusubu kuliko tone linalodondoka mahali pamoja majira yote ya baridi. Nyumba usiyoilala hujui ila yake: anayekagua siku ya jua hataliona tone hilo, lazima aingie mvua ikinyesha, na tochi. Kinachofuata ni mawe yenyewe. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa, na chokaa inapitisha unyevu kutoka ndani kwenda nje. Mtu akija na saruji akaziba viungo, unyevu unanaswa ndani ya jiwe, baridi inaugandisha, na uso wa jiwe unabanduka. Watu wa Lamu na Unguja wenye nyumba za mawe ya matumbawe wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu.

Kwa upande wa chuma, ufa haushonwi kwa kulehemu bila fikra. Joto la kulehemu mahali pamoja kwenye chuma cha kusubu huzaa ufa mwingine pembeni wakati wa kupoa. Njia salama ni kushona kwa baridi: kutoboa matundu madogo kukatiza ufa, kugongea vipande vya chuma ndani yake kama mishono, kisha kuujaza ufa kwa skrubu zinazopishana. Kabla ya hapo rangi maalumu ya kupenya inapakwa na kufutwa, na ufa unajichora wenyewe. Kutu inaondolewa kwa brashi na mkono, si kwa kupuliza mchanga, kwani mchanga unafuta alama za kalibu na za patasi, na alama hizo ndizo hati za mtambo.

Baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2014, boriti ya Elsecar inacheza tena, lakini inasukumwa kwa haidroliki, yaani nguvu ya kimiminika kinachosukumwa kwa presha, badala ya mvuke. Wapenzi wa mvuke wamelalamika, na malalamiko yao yanaeleweka: bila ombwe, injini ya Newcomen imepoteza kitendo chenyewe kilichoifanya iwepo. Hata hivyo tunaunga mkono uamuzi ule. Silinda iliyomiminwa mwaka 1801, ikipashwa kwa mvuke na kumwagiwa maji baridi mara sita kwa dakika, inatanuka na kusinyaa kila mpigo, na ikipasuka hakuna nyingine. Haidroliki inaisogeza boriti taratibu, kwa nguvu inayopimika, na inaweza kusimamishwa popote. Anayetaka kuona mvuke ukifanya kazi aende Dudley, Black Country Living Museum, ambako wamejenga nakala ya ukubwa kamili ya injini ya 1712. Nakala ikipasuka inatengenezwa upya. Ile ya 1712 ilitoa lita 45 kwa mpigo, mipigo 12 kwa dakika, kutoka kina cha karibu mita 47, kwa silinda ya inchi 21.

Anayefika Elsecar apande mpaka ghorofa ya boriti kabla haijaanza kucheza. Atazame kwanza zile mbao za kukinga zilizolala pande zote mbili. Kisha boriti ikianza, asogee upande wa ukuta wa shimo, kwenye mhimili, aangalie kitako cha mhimili dhidi ya jiwe: chuma kinazunguka sehemu ndogo ya duara, kinarudi, na jiwe chini yake halitikisiki.